Kadi ya Simu ya Upepo na Kiendeshi Chake



Siku hizi intaneti huingia katika simu ya mkononi bila waya wo wote, na mtu huweza kudhani ya kuwa jambo hili halina taabu ndani yake. Simu hununuliwa dukani ikiwa imekwisha kutengenezwa, kidole hubonyeza mara mbili tatu, na habari za Kampala na za dunia huonekana. Lakini ziko mashine nyingine zisizokuwa tayari namna hiyo. Shule nyingi za Afrika ya Mashariki zimepata kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, na pengine ubavuni mwa kompyuta ya namna hiyo mna tundu jembamba lililochomekwa kadi yenye kichwa cheusi kilichotokeza nje. Hiyo ni kadi ya simu ya upepo, mojawapo ya zile za mwanzo. Wazee wetu waliita "simu ya upepo" habari zilizopelekwa hewani pasipo waya, na jina hilo latufaa hata leo, ijapokuwa vijana husema Wi-Fi.

Aghalabu kadi hiyo hunyamaza. Mtu huitia katika tundu lake, hungoja, haoni kitu, akasema, "Imekufa." Kisha hutupwa, ama kompyuta nzima hufunikwa kitambaa ikawa pambo la ofisi. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba kunyamaza si kufa. Mara nyingi kadi ni nzima, ila imekosa kiendeshi, ama kiendeshi chake hakikuambiwa maneno ya kweli. Kwa shule iliyo mbali na mji, kujua tofauti hiyo ni jambo kubwa. Fundi wa kutoka Kasese hana budi kulipwa nauli ya kwenda Kahendero na ya kurudi kabla hajagusa mashine. Basi mwanafunzi awezaye kuiuliza kadi maswali matano kwa utaratibu ameiokolea shule yake fedha, na pengine ameiokoa na kompyuta.

KADI NA MKALIMANI WAKE

Kwanza tuieleze kadi yenyewe. Upana na urefu wake ni kama ule wa kitambulisho cha taifa, milimita 85.6 kwa 54, na unene wake ni milimita 5; sehemu yenye antena huzidi hapo ikatokeza nje ya tundu. Ndani yake mna redio ndogo iwezayo kusema na kusikia. Redio za FM tunazosikiliza nyumbani hutumia mawimbi ya megahezi 88 mpaka 108. Redio hii hutumia megahezi 2,400 na kidogo zaidi. Nguvu yake ni ndogo sana, kama sehemu 30 katika elfu za wati moja, hata taa ya tochi huishinda.

Kompyuta haijui kusema na redio hiyo. Kiini cha kompyuta, yaani ile programu kuu iangaliayo kazi zote, chajua kutoa amri za jumla tu: "Peleka barua hii," au, "Nipe barua iliyokuja." Kadi nayo haielewi amri za jumla. Yataka kuambiwa kwamba namba fulani iandikwe mahali fulani katika kumbukumbu yake, na namba nyingine mahali pengine, kwa utaratibu uliopangwa kiwandani. Kila namna ya kadi ina utaratibu wake.

Wale mliofika soko la Mpondwe, karibu na Bwera, mpakani mwa Kongo, mwajua mambo huwaje. Mfanyabiashara wa Kampala ajuaye Kiganda na Kiingereza amesimama mbele ya mwenzake wa Butembo ajuaye Kinande na Kifaransa. Wote wawili wana fedha, wote wana mali, wala hakuna aliye mgonjwa. Lakini biashara haiendi mpaka apatikane mtu wa kusimama kati yao. Kiendeshi ndicho mkalimani huyo. Ni programu ndogo ikaayo kati ya kiini na kadi. Hupokea amri za kiini ikazigeuza kuwa lugha ya kadi, na majibu ya kadi huyarudisha kwa lugha ya kiini. Wengine hukiita draiva. Pasipo mkalimani, kadi nzima na kompyuta nzima hukaa kimya zikitazamana.

Tena, mkalimani mwenyewe hana budi kupewa habari. Aweza kuzijua lugha zote mbili, lakini asipoambiwa ni nani atafutwaye sokoni, yu katika kibanda gani, na ni neno gani la kumfungulia mlango, atazunguka bure mpaka jioni. Ndiyo maana kazi yetu ni mbili: kumpata mkalimani wa haki, na kumpa habari zilizo sawasawa na zile za upande wa pili.

KADI MOJA, MAJINA MENGI

Kuunganisha kompyuta kwa redio si jambo la jana. Mwaka wa 1971 chuo kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa Bwana Norman Abramson, kilianza kuunganisha kompyuta za visiwa vile kwa mtandao ulioitwa ALOHAnet. Baadaye wahandisi wa kampuni ya NCR huko Uholanzi walitengeneza redio ya kompyuta iliyoitwa WaveLAN, ikauzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati ule kila kiwanda kilikuwa na lugha yake hewani. Mwaka wa 1997 ndipo chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilipotoa kanuni moja kwa wote, iitwayo 802.11, na mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Bwana Vic Hayes, ambaye naye alitoka katika kazi ile ile ya Uholanzi. Mwaka wa 1999 kanuni iliongezwa, ikaitwa 802.11b, na mwendo ukafika megabiti 11 kwa sekunde.

Katika muda huo kadi yenyewe ilibadili wenyewe mara kwa mara. AT&T iliinunua NCR mwaka wa 1991; mwaka wa 1996 kazi ya WaveLAN ikahamia kampuni mpya ya Lucent; kadi zikaja kuitwa ORiNOCO; mwaka wa 2001 sehemu hiyo ikatengwa ikaitwa Agere; na mwaka wa 2002 jina la ORiNOCO likauzwa kwa kampuni ya Proxim. Kadhalika kampuni nyingine zilizichukua kadi hizo hizo zikazitia majina yao. Hata kadi ya AirPort ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka wa 1999, ndani yake ilikuwa ni kadi ya Lucent.

Historia hii ina faida moja kwa fundi: jina lililobandikwa juu ya kadi si shahidi wa kutosha. Kadi mbili zenye majina mbalimbali zaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na kadi mbili za jina moja zaweza kuwa na redio mbalimbali ndani. Tusimwulize kibandiko, tuiulize kadi.

Kwa bahati njema, kadi hizi zilipata marafiki. Linux ni ile programu kuu iliyoanzishwa na Bwana Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuinakili na kuibadili. Bwana David Gibson aliitungia kiendeshi kiitwacho orinoco. Bwana Jouni Malinen akatunga hostap, kwa ajili ya kadi zenye redio ya Prism ya kampuni ya Intersil. Bwana Jean Tourrilhes naye akatunga vyombo vya kuvipa viendeshi habari zao, na kimojawapo ndicho iwconfig tutakachokitumia hapa chini. Viwanda vimebadili majina na vingine vimetoweka, lakini kazi ya watu hao yaweza kunakiliwa mpaka leo.

Matunda yake yalifika hata kwetu. Mwaka wa 2005 shirika la Inveneo la Marekani, likishirikiana na ActionAid, liliunganisha vijiji kadhaa vya magharibi ya Uganda kwa mawimbi ya namna hii. Kompyuta zao zilitumia Linux, umeme ulitoka juani, na jua lilipopungua watu walizungusha baiskeli. Wanakijiji waliweza hata kupiga simu kwa njia ya kompyuta hizo. Basi asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu.

MASWALI MATANO

Sasa tuje kwenye kazi. Amri zifuatazo huandikwa katika dirisha la maandishi la Linux, nawe uwe umeingia kwa jina la msimamizi, yaani root. Tumechagua Linux ya miaka ile ya 2000 mpaka 2005 hivi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rika moja na kadi hizi. Yaulizeni maswali kwa utaratibu, msiruke hata moja. Aliyeacha swali la kwanza akaanza na la nne hupoteza siku nzima akibadili jina la mtandao, kumbe kadi haikuingia vizuri katika tundu.

Swali la kwanza: Je, mashine imeiona kadi?

Tieni kadi katika tundu mpaka mwisho wake. Mashine za wakati ule huwa na programu iitwayo cardmgr ambayo hulia kwa kadi iingiapo. Sauti mbili nyembamba maana yake kadi imejulikana na imepangwa. Sauti ya kwanza nyembamba na ya pili nzito maana yake imejulikana, lakini haikuweza kupangwa. Mashine zilizofuata hazilii, nanyi mtaandika:

cardctl ident

Katika matoleo ya baadaye amri hii ni pccardctl ident. Kadi itajitaja jina lake la kweli na namba ya kiwanda chake. Kadi za Lucent hujibu 0x0156, 0x0002. Lakini angalieni: ziko kadi za Prism zijibuzo namba hiyo hiyo, kwa hiyo someni na jina pia.

Kama hakuna jibu lo lote, itoeni kadi mkaitazame. Ndani ya tundu mna sindano 68, na sindano moja tu iliyopinda yatosha kuizuia kadi yote. Katika vijiji vya ziwani vumbi na wadudu wadogo wafuatao taa usiku huingia kila mahali. Pulizeni polepole, wala msikwangue kwa chuma. Kisha ijaribuni kadi katika mashine nyingine. Ikinyamaza huko nako, hapo ndipo mnapoweza kusema kwamba huenda imekufa. Hapa ndipo mahali pekee pa kusema hivyo.

Swali la pili: Je, mkalimani wake ni nani, na ni mmoja tu?

Andikeni lsmod, nayo mashine itaorodhesha viendeshi vyote vilivyo kazini. Kwa kadi ya Lucent mtazamie kuona majina matatu pamoja: orinoco_cs, orinoco na hermes. Katika Linux iliyo ya zamani zaidi mtaona wvlan_cs badala yake. Majina hayo yasipoonekana, fungueni faili iitwayo /etc/pcmcia/config mtafute mistari ya namna hii, na kama haimo iandikeni:

card "Lucent Technologies WaveLAN/IEEE"
manfid 0x0156,0x0002
bind "orinoco_cs"

Maana yake ni hii: "Kadi ijibuyo namba hizi, mpe mkalimani aitwaye orinoco_cs." Ubaya mwingine ni wakalimani wawili kugombea kadi moja. Kadi ya Prism huweza kuchukuliwa na orinoco_cs na pia na hostap_cs, na wawili wakisema kwa pamoja hapana asikilizwaye. Chagueni mmoja, mfute mstari wa mwingine, kisha anzisheni upya kazi ya kadi kwa amri ya /etc/init.d/pcmcia restart.

Swali la tatu: Je, kadi imepata kengele yake?

Kila chombo ndani ya kompyuta huwa na kengele yenye namba, iitwayo IRQ, ya kuita kiini wakati kina jambo la kusema. Chombo cha sauti, mathalani, mara nyingi hutumia namba 5. Katika mashine za zamani, kadi ya upepo ikipewa kengele ya mwenziwe, kiini hakijui ni nani aliyeita, na barua hupotea. Ile sauti ya pili iliyo nzito aghalabu hutoka hapa. Andikeni dmesg, msome mistari ya mwisho. Humo mashine yenyewe hueleza kilichoizuia. Mkiona habari za IRQ, fungueni /etc/pcmcia/config.opts mwandike:

exclude irq 5

yaani, "Usiiguse kengele namba 5." Kisha anzisheni upya kama mlivyofanya kwanza. Tabia ya kusoma maneno ya mashine ni nusu ya ufundi. Wengi huyaona maneno mengi wakaogopa, kumbe jibu limo.

Swali la nne: Je, kadi na kituo zimekubaliana?

Kituo ni kile kisanduku chenye antena, ambacho wengi hukiita rauta. Andikeni iwconfig peke yake. Mashine itataja milango yake yote. Mlango wa waya utasema kwamba hauna habari za upepo, na mlango wa kadi yetu utaonyesha mambo mengi. Tuseme mlango huo ni eth1. Sasa tumpe mkalimani habari zake:

iwconfig eth1 mode Managed
iwconfig eth1 essid "Maktaba"
iwconfig eth1 key 4B61736573

Mstari wa kwanza waeleza namna ya kuishi. Managed maana yake kadi humfuata mkubwa mmoja, yaani kituo. Kama hapana kituo, na kompyuta mbili zataka kusema zenyewe kwa zenyewe, huandikwa Ad-Hoc katika zote mbili.

Mstari wa pili ni jina la mtandao. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja hapa: "Maktaba" na "maktaba" ni mitandao miwili. Nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina nayo huhesabiwa.

Mstari wa tatu ni ufunguo. Ufunguo mfupi wa kadi hizi huwa na herufi 5, au tarakimu 10 za hesabu ya kumi na sita. Ule mrefu huwa na herufi 13, au tarakimu 26. Kadi iliyoitwa Silver hujua ufunguo mfupi tu, na ile iliyoitwa Gold hujua yote miwili. Katika mfano wetu, 4B ni herufi K, 61 ni a, 73 ni s, 65 ni e, na 73 ni s tena. Yaani "Kases", maana Kasese ina herufi 6 nayo haienei. Ni heri kutumia tarakimu kuliko maneno, kwa kuwa viwanda vingine hulisaga neno kwa hesabu zao vikapata ufunguo mwingine kabisa. Tarakimu hazina tafsiri mbili.

Liko jambo la nne, nalo ni chaneli. Kadi ikiwa Managed hukifuata kituo yenyewe. Lakini kadi zilizouzwa Marekani husikia chaneli 1 mpaka 11 tu, na vituo vya Ulaya huweza kutumia hata ya 13. Kituo kikiwekwa kwenye 13, kadi ya Marekani itakaa kando yake kama kiziwi, wala hapana kosa lo lote katika kiendeshi. Kiwekeni kituo kwenye 1, 6 au 11. Tatu hizo zina faida ya kutoingiliana.

Kisha andikeni iwconfig eth1, mtazame palipoandikwa Access Point. Mkiona namba za kituo chenu, wamekutana. Mkiona 44:44:44:44:44:44, au sifuri tupu, bado hawajakutana: rudieni jina, chaneli na namna ya kuishi. Na hapa pana mtego mmoja. Mara nyingi kadi yaweza kukutana na kituo hata kama ufunguo si wa haki, lakini barua hazitapita. Kwa hiyo mkiona wamekutana, na swali la tano likashindikana, washukuni ufunguo kwanza.

Swali la tano: Je, mashine imepewa anwani?

Kuonana si kuandikiana. Andikeni:

dhclient eth1

Kituo kitaipa mashine anwani, mathalani 192.168.1.20. Kisha jaribuni ping -c 3 192.168.1.1, yaani kumgongea mwenye kituo mara tatu. Akijibu, basi kadi yenu iliyokuwa "imekufa" yasema.

Lakini mkizima mashine sasa, yote yatasahauliwa. Ili yadumu, yaandikeni katika faili iitwayo /etc/pcmcia/wireless.opts: ESSID="Maktaba", MODE="Managed", KEY="4B61736573". Juu ya faili hiyo iko mistari minne iliyowekewa alama kwamba yapaswa kuondolewa. Msipoiondoa, hiyo hukamata kila kadi na kuiacha bila habari, na maneno yenu yaliyo chini yake hayatasomwa kamwe.

MAWIMBI, MABATI NA ZIWA

Kadi ikisha kusema, swali libakialo ni umbali. iwconfig huonyesha nguvu ya sauti kwa namba zilizo chini ya sifuri: -60 ni sauti njema, -85 ni ya kunong'ona. Huonyesha na kelele, tuseme -95. Lililo muhimu ni tofauti ya hizo mbili. Tofauti ya 30 ni raha. Ikishuka chini ya 10, mwendo utaanguka kutoka megabiti 11 mpaka 5.5, mpaka 2, mpaka 1, na mwisho ukimya.

Mawimbi haya huchoshwa na maji na huzuiwa na chuma. Ukuta wa mabati huyarudisha, na majani ya miti yaliyolowa mvua huyanywa. Mlima nao ni ukuta ukiwa katikati, na ni mnara ukiwa juu yake. Sisi tulio kati ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita chafika mita 5,109, na Ziwa George, lililo kama mita 914 juu ya bahari, tumepewa vyote viwili. Mtu aliyesimama pwani ya Kahendero huona wazi juu ya maji bila kilima cha kumziba, na mawimbi nayo hupenda njia kama hiyo, mradi antena ziinuliwe juu, maana uso wa maji huyarudisha mawimbi yakagongana yenyewe kwa yenyewe.

Kadi peke yake hufika chumba cha pili au cha tatu, na uwanjani mita mia na zaidi. Lakini kadi za Lucent zina kitundu kidogo kilichozibwa, ambacho antena ya nje huweza kuchomekwa. Antena ya kuelekeza ikiwekwa juu ya mlingoti kila upande, mawimbi haya haya huenda kilomita nyingi. Mwaka wa 2007 Bwana Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili ya Venezuela iliyo mbali kilomita 382, kwa visanduku vya Wi-Fi vya kawaida vilivyobadiliwa programu zao. Nguvu ilikuwa ndogo. Antena, mahali pa juu na habari zilizopangwa vizuri ndivyo vilivyofanya kazi.

MAONYO MAWILI

Onyo la kwanza ni la usalama. Ufunguo wa kadi hizi, uitwao WEP, ulivunjwa. Mwaka wa 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kasoro yake, na leo mtu mwenye kompyuta ndogo aweza kuupata kwa muda wa dakika chache. Basi utumieni kwa masomo na kusoma magazeti. Msipeleke kwa njia hiyo neno la siri la benki, wala fedha za simu, wala majibu ya mitihani. Na kama mnajaribu mambo haya, jaribuni katika mtandao wa shule kwa ruhusa ya mwalimu. Mtandao wa jirani ni mali ya jirani.

Onyo la pili ni la utunzaji. Kufikia mwaka wa 2024 watunzaji wa Linux walikuwa wamekiondoa kiendeshi cha orinoco katika matoleo mapya, pamoja na viendeshi vingine vya kadi za namna hii, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuviangalia. Kwa hiyo mtu akiisifu Linux mpya akaitia katika kompyuta yenye kadi ya zamani, kadi itanyamaza siku hiyo hiyo, naye atadhani imeungua. Itunzeni ile diski ya Linux ya zamani kama mnavyotunza ufunguo wa stoo. Kadi ni chuma. Uhai wake umo katika programu hiyo.

Huenda msomaji mmoja akauliza, "Kwa nini tujitaabishe na kadi ya mwaka wa 1999, na simu yangu ya mkononi yaweza kuipa kompyuta intaneti?" Ni kweli, na penye simu na vifurushi, tumieni simu. Lakini simu hiyo ni ya mtu mmoja, nayo huondoka naye. Kompyuta mbili tatu za shule zilizounganishwa kwa kadi za zamani huweza kugawana vitabu vilivyomo ndani yao hata siku ambayo hapana kifurushi wala intaneti. Zaidi ya hayo, maswali matano hayazeeki. Kadi za leo hutumia amri ya iw badala ya iwconfig, na funguo zake ni bora, lakini utaratibu ni ule ule: Imeonekana? Ina mkalimani? Ina nafasi? Imekubaliana na mwenzake? Ina anwani? Aliyejifunza kwa kadi ya zamani ataitengeneza na ile mpya.

Ndugu zetu wakubwa mliomaliza masomo, mlio maofisini na madukani huko Kasese, Bwera na Kampala, pengine mnazo kadi kama hizi katika visanduku vya vyombo visivyotumika. Kabla hamjazitupa, zitieni katika bahasha mwandike juu yake namba iliyotolewa na cardctl, mzilete shuleni pamoja na diski zake. Nanyi wanafunzi, andikeni maswali haya katika daftari na kulitundika karibu na mashine. Siku kompyuta itakaponyamaza, msianze kwa kusema imekufa. Anzeni kwa kuiuliza.